Kati ya -nge- na -ta-

Aprili 2020 kulikuwa na picha moja ambayo karibu kila mtu alikuwa nayo kwenye simu. Uliipata kwenye grupu ya familia, ukaipata tena kwenye ya kanisa, halafu kwenye ya chama. Vilima viwili vilivyochorwa kwa rangi tofauti: kimoja kirefu na chembamba kama sindano, kingine kifupi na kipana kama mtu aliyelala chali. Katikati ulipita mstari wa vitanda vya hospitali. Ujumbe ulikuwa rahisi: tukikaa nyumbani, kile kilima kirefu kitalazwa, na wagonjwa watatoshea chini ya mstari.

Sidhani kuna shairi wala hadithi iliyowahi kusomwa na Wakenya wengi kiasi hicho ndani ya mwezi mmoja. Na bado hakuna aliyeihakiki. Tuliiamini au tukaikejeli, tukaisambaza, tukasonga. Lakini kuisoma jinsi tunavyosoma riwaya, tukiuliza nani anasimulia, wahusika ni nani, na nani ameachwa nje ya ukurasa, hatukufanya hivyo. Nataka kujaribu sasa, nikiwa nimechelewa miaka kadhaa. Ile picha ilikuwa andiko. Ilikuwa na waandishi, na ilikuwa na utanzu wake.

Wahusika watatu

Modeli nyingi za kuenea kwa magonjwa ni watoto na wajukuu wa makala moja ya 1927, iliyoandikwa na William Kermack na Anderson McKendrick huko Edinburgh. Kermack alikuwa mwanakemia aliyepofuka kwenye ajali ya maabara mwaka wa 1924. McKendrick alikuwa daktari aliyekuwa ametumikia ukoloni wa Mwingereza kule India. Ukiivua makala yao hesabu, unabaki na hadithi ya wahusika watatu. Kuna S, ambaye hajaugua lakini anaweza kuugua. Kuna I, anayeugua na kuambukiza. Halafu kuna R, aliyetoka mchezoni.

Ploti yenyewe ni fupi. Kila siku S kadhaa wanakutana na I, nao wanageuka kuwa I. Kila siku I kadhaa wanamaliza siku zao, wanageuka kuwa R. Hakuna kurudi nyuma. Mwanzoni I wanaongezeka polepole, halafu kwa fujo, halafu wanaanza kushuka wenyewe kwa sababu S wa kuambukiza wamebaki wachache. Kile kilima cha WhatsApp ni maisha ya I, tangu kuzaliwa hadi kufa.

Kasi ya hadithi inapimwa kwa namba moja, R sifuri: mgonjwa mmoja angeambukiza watu wangapi ikiwa hakuna mwenye kinga karibu naye? Ikiwa chini ya 1, ugonjwa unajizima. Ikiwa 2.5, itabidi asilimia 60 ya watu wawe na kinga ndio ugonjwa uanze kurudi nyuma. Unaweza kuipata mwenyewe nyuma ya bahasha: gawanya 1 kwa 2.5, toa jibu kwenye 1. Nilifundishwa hesabu hii kwenye muhula wangu wa mwisho chuoni, ingawa wakati huo sikujua ni wa mwisho. Bado naiona kama mojawapo ya vitu vizuri zaidi nilivyowahi kuonyeshwa ubaoni. Herufi tatu, mishale miwili, na jiji zima linatetemeka ndani yake.

Steven Soderbergh aliuona uzuri huo. Kwenye filamu yake Contagion ya 2011, Kate Winslet anasimama mbele ya ubao kama Daktari Erin Mears na kuwaeleza maofisa R sifuri ni nini. Dunia nzima ilirudi kuitazama filamu hiyo 2020, na naelewa kwa nini. Inaichukua modeli na kuifanya hadithi ya upelelezi: kuna mhalifu, kuna namba inayomfuata, kuna watu werevu wanaoijua. Naipenda filamu hii, lakini ina upofu mmoja mkubwa. Ndani yake namba inapanda kwa sababu kirusi kimebadilika. Haipandi kwa sababu mtu amekosa unga na lazima atoke. Watu wanaandamana, wanapora, wanaogopa, lakini ubao wa Winslet hauna habari nao. Pale ubaoni, maisha ya watu hayana mkono katika hesabu.

Panya hayupo

Uhakiki wowote wa maana hauna budi kurudi kwenye nakala ya kwanza. Kermack na McKendrick walihitaji data halisi ya kuonyesha kwamba hesabu yao inafanya kazi. Walichukua vifo vya tauni vya Bombay, kuanzia Desemba 1905 hadi Julai 1906, wakachora mstari wao juu yake. Ukalala vizuri kabisa, kama shati lililopigwa pasi.

Tatizo ni kwamba tauni ya aina ile husafirishwa na viroboto wa panya. Kwenye milinganyo hakuna panya wala kiroboto. Waandishi walijua. Walikiri ndani ya makala yenyewe kwamba wanaichukulia tauni ya watu kama kivuli cha tauni ya panya. Nilipofika hapo nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Wafu wa Bombay, watu wa koloni waliohesabiwa na serikali ya koloni, waliingia kwenye historia ya hisabati kama vivuli vya panya.

Lakini pia nawapa heshima. Waliandika dhana zao wazi. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na hawa mafundi walituonyesha misumari. Waliokuja baadaye wakasambaza jahazi bila kutaja misumari ndio wanaonisumbua.

Msumari mkubwa kuliko yote ni huu: modeli ya msingi inadhani kila mtu anaweza kukutana na kila mtu kwa uwezekano ule ule. Watu ni sukari ndani ya chai. Ukishakoroga, kila tone lina utamu sawa. Sasa ichukue dhana hiyo uilete Nairobi. Mwaka wa 1902 tauni ilipoingia hapa, wakoloni waliichoma Bazaar ya Wahindi. Mwaka wa 1913 alikuja Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya, na akapendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika watenganishwe makazi, kwa jina la usafi. Hakuwa na milinganyo. Alikuwa na jibu tayari kuhusu nani ni hatari kwa nani. Ramani tunayoishi ndani yake leo, mitaa ya miti mirefu upande huu na mabati upande ule, ilichangiwa na hofu hiyo. Kwa hiyo nikiona modeli inayosema wakaazi wa jiji hili wanachanganyika kama sukari, siwezi kunyamaza. Jiji hili lilipangwa ili watu wasichanganyike, isipokuwa asubuhi wakienda kazini na jioni wakirudi.

Kosa la sarufi

Kama ulifanya KCPE unakumbuka maswali ya -nge- na -ngali-. Mwalimu alikuchapa kwa kuyachanganya. "Ungekuja, ningekupa": jambo bado linawezekana. "Ungalikuja, ningalikupa": muda umepita, majuto ni mjukuu. Halafu kuna -ta-, ambayo haina masharti. Utakuja. Watakufa.

Modeli ya magonjwa ni andiko la -nge-. Kila sentensi yake ina "kama" mbele. Mfano maarufu ni ripoti ya Imperial College London ya tarehe 16 Machi 2020, iliyoongozwa na Neil Ferguson. Ilisema kwamba kama hakuna lolote lingefanywa na watu wangeendelea kuishi kama kawaida, Uingereza ingepoteza watu wapatao 510,000 na Marekani milioni 2.2. Wiki moja baadaye Uingereza ilijifungia. Namba zile zilisafiri bila "kama" yake. Zilifika kwenye vichwa vya habari zikiwa -ta-, na vifo vilipokuwa vichache kuliko vile, watu wakasema Ferguson ni mwongo. Ni kama kumlaumu mama aliyekwambia "usipoangalia barabara utagongwa", eti kwa sababu uliangalia na hukugongwa.

Sisi tulikuwa na toleo letu. Machi 2020 ikikaribia kuisha, Wizara ya Afya ilitangaza makadirio: huenda tukafika wagonjwa 10,000 mwisho wa Aprili. Tarehe 30 Aprili ilipofika, hesabu rasmi ilikuwa 396. Unakumbuka vichekesho. Mtaani kwetu jamaa wa duka aliniambia corona ni ugonjwa wa kwenye TV. Nilikuwa nimekaa kejani tangu chuo kifungwe na sikuwa na jibu la kumpa, ingawa nilikuwa na daftari zima la milinganyo.

Ningekuwa na jibu la kumpa leo. Ningemwambia kwanza kwamba 396 ni waliopimwa wakapatikana nayo, na kupima ni kitu kingine na kuugua ni kitu kingine. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walipima damu ya watu 3,098 waliojitolea kuchangia damu kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni mwaka ule. Baada ya kusawazisha hesabu, walikadiria asilimia 4.3 ya nchi ilikuwa na dalili za kuwahi kuambukizwa; Nairobi ilikuwa asilimia 7.3 na Mombasa 8.0. Sensa ya 2019 ilituhesabu zaidi ya milioni 47. Hata ukipiga hesabu ya haraka haraka, hiyo inakaribia watu milioni mbili, wakati ambapo wizara ilikuwa haijafikisha wagonjwa 4,000. Namba tuliyoicheka kwa kuwa kubwa ilikuwa ndogo. Ugonjwa ulipita kati yetu, ndani ya mat, ndani ya foleni ya maji, bila kupiga hodi. Na kwa sababu nchi yetu imejaa vijana, wengi wetu hatukujua.

Hapo ndipo nailaumu wizara, na si kwa kukadiria. Kila alasiri walitusimulia kwa mtindo wa ngano ya maonyo: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ngano ya maonyo haina -nge-. Ina mtoto mkaidi na zimwi. Tulipewa zimwi, tukaambiwa sisi ndio mtoto mkaidi, na zimwi lilipokosa kutokea kwa saa iliyoahidiwa, tukahitimu ukaidi. Wangetuonyesha misumari, wakasema "tunadhani hivi, hatuna vipimo vya kutosha, kesho tukijua zaidi tutabadilisha", nadhani tungewasikiliza kwa muda mrefu zaidi. Watu wanaoishi kwa kibarua wanaijua -nge- kuliko profesa yeyote. Maisha yao yote ni "kazi ikipatikana".

Kile ambacho kafyu ilipunguza

Ndani ya milinganyo, kafyu ni kitu kidogo sana. Ni kupunguza namba moja, ile inayopima S na I wanakutana mara ngapi. Unaandika 0.7 mahali palipokuwa na 1, unabonyeza, kilima kinalala.

Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, watu kule Likoni walikuwa wanakimbilia feri wafike nyumbani kabla ya saa moja jioni. Polisi waliwarushia vitoa machozi. Angalia picha za siku ile kama mhakiki. Watu wamebanwa bega kwa bega, wanakohoa, wanatema mate, wanashika macho yao kwa mikono. Ungetafuta namna ya kuongeza ile namba badala ya kuipunguza, usingepata njia bora. Siku tatu baadaye, Kiamaiko, mvulana wa miaka 13 aliyekuwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao alipigwa risasi na polisi waliokuwa wakisimamia kafyu, akafa. Kifo cha kwanza cha corona nchini kilikuwa kimetangazwa siku nne tu kabla yake.

Yule mvulana yuko wapi kwenye hadithi ya wahusika watatu? Alikuwa S. Hakuwahi kuwa I. Hakuna mshale unaotoka S kwenda alikokwenda. Na hata herufi R, ukiichunguza, ina siri. Kwenye makala ya 1927, R ni walioondolewa: waliopona na waliokufa wamewekwa kwenye sanduku moja. Kihesabu ni sawa, kwa kuwa wote wawili hawaambukizi tena. Kama riwaya ingefanya hivyo, ikamaliza kwa kusema mhusika "aliondoka" bila kutuambia aliondoka kwenda nyumbani au kaburini, tungeirudisha kwa mwandishi.

Najua mtaalamu atanijibu: modeli haikutengenezwa kubeba hayo yote. Kweli. Ramani yenye kila jiwe haiingii mfukoni. Lakini kinachoachwa nje huachwa na mtu, na huwa kina mwelekeo. Modeli za wiki zile zilihesabu gharama ya watu kutoka nje. Hazikuhesabu gharama ya kuwazuia ndani. Kwenye andiko la kwanza vifo vya upande mmoja vina kilima kizima, na vya upande wa pili havina hata nukta.

Andiko lililoniweka vizuri

Sitaki kumaliza na lawama, kwa sababu kuna modeli moja ambayo ningemwekea kila mwandishi mezani. Ilitoka kwenye jarida la Science mwaka wa 2021, kazi ya watafiti wa Kilifi, Nairobi na wenzao wa Uingereza, na ilijaribu kueleza mawimbi matatu ya kwanza ya corona Kenya. Badala ya sukari ndani ya chai, waliigawa nchi katika makundi mawili: wenye uwezo wa chini na wenye uwezo wa juu. Kundi la kwanza halikuweza kukaa nyumbani. Kundi la pili liliweza, kwa muda. Kwa mgawanyo huo mmoja tu mawimbi mawili ya mwanzo yakaelezeka: la kwanza lilipita hasa kwa walioshindwa kujifungia, na la pili likaja waliokuwa wamejifungia walipotoka. La tatu lililetwa na aina mpya za kirusi zilizoambukiza kwa kasi zaidi.

Nilipoisoma nilikumbuka tena ile Aprili. Mama yangu alikuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kufulia watu nguo upande ule mwingine wa jiji, mpaka wenye nyumba wakamwambia asije kwa sababu wanaogopa atawaletea ugonjwa. Kwenye modeli ile yumo. Hana jina, ni sehemu ya kigezo kimoja, lakini kwa mara ya kwanza kuna herufi inayokubali kwamba yeye na waliomfungia geti hawakuishi janga moja. Tena inaonyesha kitu ambacho hakuna mkutano wa wanahabari uliowahi kukisema: waliolaumiwa kwa "utovu wa nidhamu" walikuwa wamelipa deni la wimbi la kwanza, na waliowalaumu wakaja kulipa la pili.

Je, inatosha? Hapana. Makundi mawili si mtaa. Na hata data inayotufanya tuonekane ina bei yake. Mwaka wa 2012 utafiti mwingine kwenye jarida hilo hilo ulitumia rekodi za simu za Wakenya karibu milioni 15 kufuatilia jinsi watu wanavyosafiri na malaria kutoka maeneo ya Ziwa Victoria. Ni kazi nzuri sana, majina yakiwa yameondolewa, na ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya vimelea vinavyofika Nairobi huja na wasafiri wanaorudi kutoka huko. Lakini nani kati ya hao milioni 15 aliulizwa? Kila mtu aliyekwenda ocha Krismasi wakati rekodi zile zikikusanywa aliandika sentensi moja ya hadithi hiyo bila kujua ana kalamu.

Kwa hiyo hivi ndivyo ningependa tuzisome. Ukiletewa kilima kingine kwenye simu, na kitaletwa, usianze na swali la kama ni kweli. Uliza sharti lake: kama nini? Halafu uliza ni nani aliyekorogwa kama sukari ilhali hakorogeki. Halafu tafuta nani hana mshale. Mwandishi wa modeli akikujibu maswali hayo matatu bila kukasirika, mwamini kwa kiasi. Akikujibu kwa -ta- tupu, rudisha nakala yake na alama nyekundu, kama mwalimu wa Kiswahili.

Chuo kilifunguliwa tena baadaye. Karo ya mwaka ule ilikuwa imeliwa na kodi ya nyumba na unga, kwa hiyo sikurudi. Siliandiki hili ili nihurumiwe. Tuko wengi, na kila mmoja wetu ana -ngali- yake. Naliandika kwa sababu kwenye hesabu za janga lile sikuwahi kuugua. Kama kuna grafu mahali fulani inayohesabu waliookolewa na kafyu, nimo ndani yake, S mzima kabisa, tangu mwanzo hadi mwisho wa mstari.